Kazi Ipatikane, Jina Lisipotee: Mtafiti na Mazoea Yake Mtandaoni

Mada kwa wanafunzi wa uzamili na wahadhiri vijana

Utangulizi

Tasnifu juu ya batobato ya mihogo inayolala kabatini haimfai mkulima, wala afisa ugani, wala mtafiti mwenzetu wa Kampala anayehangaika na ugonjwa uleule. Hoja yangu ni kwamba kazi ya mtafiti haijakamilika mpaka anayeihitaji aweze kuipata. Kujulikana mtandaoni si majivuno, ni sehemu ya wajibu wetu, na hujengwa kwa mazoea madogo yasiyokatizwa.

1. Jina moja

Majina yetu ni matatu, na kila jarida huyapanga litakavyo. Tuseme mwandishi ni Asha Juma Hamisi. Leo ataandikwa A. J. Hamisi, kesho Asha Juma, na akiolewa huenda akaongeza jina la nne. Mashine za kutafutia makala humhesabu kuwa watu watatu, na kazi zake hutawanyika. Chagua muundo mmoja wa jina tangu makala ya kwanza. Kisha jisajili ORCID, mfumo ulioanza mwaka 2012, unaompa mtafiti namba ya kudumu yenye alama 16 bila malipo. Ukihama chuo au ukibadili jina, namba hiyo inabaki yako. Fungua pia wasifu katika Google Scholar, na uondoe humo kazi zisizo zako.

2. Mahali panapodumu

Anwani ya barua pepe ya chuo hufungwa mkataba unapokwisha, na mitandao ya kijamii ni mali ya kampuni zinazoweza kubadili masharti wakati wowote. Itumie kutangaza kazi, lakini kazi yenyewe iweke kwenye hazina ya kidijitali ya chuo. Data na mawasilisho unaweza kuyahifadhi Zenodo, hazina iliyoanzishwa mwaka 2013 na CERN, kituo cha Ulaya cha utafiti wa fizikia, ambayo huipa kila kazi namba ya DOI, yaani kitambulisho chake cha kudumu. Kabla ya kupandisha makala iliyokwisha kuchapishwa, soma masharti ya mchapishaji: wengi huruhusu mswada uliokubaliwa, si nakala iliyopangwa na jarida. Aidha, andika ikisiri kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, na katika maneno ya msingi usiache lile analolijua mkulima mwenyewe: batobato.

3. Kulipima jarida

Majarida laghai hutuandikia kwa sifa nyingi, yakiahidi kuchapisha ndani ya siku chache ukishalipa ada. Jiulize: wahariri ni nani, na wenyewe wanakiri kuwa ni wahariri? Ada imetajwa wazi? Nani katika fani yako amechapisha humo? Orodha ya majarida huria ya DOAJ, iliyoanza mwaka 2003, na jukwaa la AJOL, lililoanzishwa mwaka 1998 kwa ajili ya majarida ya Afrika, ni mahali pazuri pa kuanzia uchunguzi. Makala ikishatoka katika jarida laghai, kuiondoa ni kazi ngumu.

4. Heshima kwa waliotupa taarifa

Picha ya mhojiwa haipaswi kuwekwa mtandaoni bila ridhaa yake. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Zote zinamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde. Zaidi ya sheria kuna deni: waliotupokea vijijini wana haki ya kujua tulichokipata. Ukurasa mmoja wa matokeo kwa Kiswahili chepesi, uliotumwa kwa ofisi ya kijiji au kusomwa redioni, hulipa sehemu ya deni hilo.

Mapendekezo

Kila mmoja atenge saa moja kwa wiki ya kusasisha wasifu, kuhifadhi kazi na kujibu wanaomwandikia. Idara nazo zisipitishe tasnifu yoyote kabla mwandishi hajasajili namba yake ya ORCID na kuandika ukurasa huo wa matokeo. Wasimamizi tuanze sisi, ili wanafunzi wetu waone jambo hili likitendwa.