Kutunza Chale Mpya
Leo tunasoma habari za chale mpya, ile ya sindano na wino. Wewe waona pambo, lakini hicho ni kidonda. Nawa mikono, kisha ioshe taratibu kwa sabuni na maji safi. Usitie majivu wala udongo, hata jirani akikusihi: udongo huwa na vijidudu vya pepopunda. Gamba likifanyika, liache lianguke lenyewe. Ukilibandua, wino hutoka nalo, na fedha yako nayo. Kuwasha kidogo si neno. Lakini uangalie sana uvimbe. Katika ngozi nyeusi wekundu hauonekani upesi, basi gusa kwa mkono safi. Ikizidi kuwa moto badala ya kupoa, au usaha ukitoka, au homa ikikushika, nenda hospitali siku hiyo hiyo.