Mikumi kwa Macho, Udzungwa kwa Miguu

Ndugu msikilizaji, kila inapokaribia likizo ya mwezi wa 6 au sikukuu za mwisho wa mwaka, huzuka ubishi katika maofisi na mitaa ya mji wetu wa Dar es Salaam. Watu wamechangishana fedha kidogo kidogo, mwezi hadi mwezi. Sasa zimefika za kukodi basi dogo na kwenda kutembea mbugani. Lakini fedha zenyewe zinatosha safari moja tu. Wapo wanaosema twende Mikumi tukamwone simba. Wapo wanaosema Mikumi tunaipita kila siku, twende Udzungwa tukapande mlima. Kikao kinaahirishwa, kinaitishwa kingine, na mara nyingi mwisho wa ubishi ni zile fedha kuishia kwenye soda, bia na nyama choma. Watoto wanabaki kumwona simba kwenye noti ya shilingi 2,000 na tembo kwenye noti ya shilingi 10,000, basi.

Leo napenda tuzungumze juu ya ubishi huo, maana si ubishi wa kipuuzi. Hifadhi hizi mbili ni majirani. Ukifika mji mdogo wa Mikumi, ukiacha barabara kuu ya kwenda Iringa na kushika ile ya Kidatu na Ifakara, baada ya kilomita zipatazo 60 unafika Mang'ula, yalipo makao makuu ya Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa. Ni majirani, lakini hawafanani hata kidogo. Mtu aliyeandaliwa kwenda Mikumi akapelekwa Udzungwa atalalamika kwamba ametapeliwa. Na aliyejiandaa kwa Udzungwa akafungiwa ndani ya gari Mikumi siku nzima, naye atanuna.

Tuanze na Mikumi. Hifadhi hii ilianzishwa mwaka 1964 na ina ukubwa wa kilomita za mraba 3,230. Kutoka Dar es Salaam ni kiasi cha kilomita 280. Barabara kuu iendayo Zambia inapasua katikati yake kwa kilomita zipatazo 50. Ndiyo maana karibu kila aliyewahi kusafiri kwenda Iringa, Mbeya au Songea amewaona swala pala, twiga na tembo akiwa amekaa kwenye kiti cha basi. Kutokana na hilo umezuka msemo wa walalahoi: kwa nini nilipe kiingilio wakati naona bure?

Jibu ni kwamba unachokiona barabarani ni sawa na mtu anayepita nje ya nyumba ya harusi akasikia ngoma. Amesikia, lakini hajala pilau. Ukiingia lango la hifadhi na kushika njia za uwanda wa Mkata, dereva anapunguza mwendo na kuzima injini. Hapo ndipo unapomwona pundamilia akimlinda mtoto wake, nyumbu wakinywa maji, viboko wakigombana bwawani, na kama siku yako ni njema, simba amelala chini ya mti kama bwana shamba aliyemaliza kazi zake. Nyani wa njano wa Mikumi, wale ambao watu huwaona ni wezi wa ndizi tu, wanasayansi wamekuwa wakiwafuatilia tangu mwaka 1974, kundi kwa kundi, kizazi kwa kizazi. Barabarani huoni hayo. Barabarani unaona mgongo tu wa mnyama, na basi linakwenda zake.

Uzuri wa Mikumi ni kwamba haichagui mtu. Bibi mwenye magoti mabovu anaona sawasawa na kijana mcheza mpira. Mtoto wa miaka mitano anaona kutoka mapajani kwa mama yake. Uwanda ni wazi, na wakati wa kiangazi, kuanzia mwezi wa 6 hadi wa 10, nyasi zimekauka na wanyama wanasogea kwenye maji. Ubaya wake ni kwamba huteremki kwenye gari isipokuwa mahali paliporuhusiwa, joto ni kali, na mbung'o wapo. Nguo nyeusi na za buluu ziacheni nyumbani, maana mbung'o wanazipenda. Masika nako, udongo wa Mkata hugeuka uji, na njia nyingine hazipitiki.

Sasa twende Udzungwa. Hifadhi hii ni changa zaidi, ilitangazwa mwaka 1992, na ina kilomita za mraba 1,990. Hapa hakuna cha kuendesha gari kumtafuta simba. Barabara za kutembezea wageni hakuna. Mtu anakwenda kwa miguu yake, akiongozana na mwongozaji na askari, kwenye msitu unaoanzia mita 250 kutoka usawa wa bahari na kupanda hadi zaidi ya mita 2,500. Safari inayopendwa kuliko zote ni ya maporomoko ya Sanje, ambako maji huanguka kwa ngazi jumla ya mita 170. Kwenda na kurudi weka saa nne hivi, na jasho lako juu. Wenye pumzi zaidi hupanda kilele cha Mwanihana na kulala msituni. Wenye pumzi kidogo wanayo maporomoko madogo yaliyo karibu na ofisi za Mang'ula.

Je, utaona nini? Tembo wapo, nyati wapo, hata chui yupo, lakini usiende kwa ajili yao, kwani msitu ni mnene na wao ni wajanja. Utaona mbega mwekundu wa Udzungwa akiruka tawi hadi tawi, kima ambaye hapatikani nje ya eneo hili duniani kote. Ukiwa na bahati utamsikia ng'olaga.

Huyu ng'olaga ana kisa kinachofaa kusimuliwa. Mwaka 1979 wataalamu wawili wa wanyama walikuwa katika msitu wa juu ya kijiji cha Sanje wakichunguza mbega. Wakasikia mlio wasioufahamu. Mwenyeji aliyekuwa akiwaongoza akawaambia bila wasiwasi wowote kwamba huyo ni ng'olaga, na akawaeleza alivyo. Wakadhani amekosea, maana kima wa namna hiyo hakuwamo katika vitabu vyao. Baadaye wakamwona kwa macho yao. Dunia ikatangaziwa kwamba kima mpya amegunduliwa. Mpya kwa nani, ndugu msikilizaji? Kwa watu wa Sanje alikuwa jirani yao wa siku zote.

Na hakuishia huyo. Mwaka 1991 watafiti kutoka Denmark walikuwa wamepiga kambi katika milima hiyo. Baada ya chakula cha usiku wakaona ndani ya sufuria miguu ya ndege wasiyemjua. Ndege huyo alikuwa kwale wa msituni, asiyekuwa ameandikwa mahali popote, na wao walikuwa wamekwisha kumla kwa ugali au kwa wali! Mwaka 2005 akatangazwa kima mwingine, kipunji, aliyeonekana katika mlima Rungwe na katika misitu ya Udzungwa. Mwaka 2008 akatangazwa sange mwenye uso wa kijivu. Yote hayo katika milima ambayo mtu anaweza kutoka Dar es Salaam alfajiri na kuifikia siku hiyo hiyo.

Sasa tuje kwenye uamuzi. Ushauri wangu hautakuwa wa kusema kote ni kuzuri, kila mtu achague mwenyewe. Huo ni ushauri wa mtu anayekwepa lawama.

Kama katika msafara wenu wamo wazee, watoto wadogo, au watu ambao katika maisha yao hawajamwona mnyama mwitu ila kwenye televisheni, nendeni Mikumi. Msiwachoshe kwa mlima. Mtoto anayeona twiga kwa mara ya kwanza hahitaji maelezo marefu, na picha hiyo ataizeeka nayo. Lakini lipeni kiingilio, mwingie ndani, mlale usiku mmoja, maana saa nzuri za kuona wanyama ni alfajiri na jioni, wakati wa mchana wa jua kali nao hupumzika kama sisi.

Kama msafara wenu ni wa vijana, wanafunzi wa sekondari, kwaya, klabu ya mazoezi au wafanyakazi wenye afya zao, na wengi wenu mmekwisha kupita Mikumi kwa basi mara kumi, basi ubishi uishe: nendeni Udzungwa. Vaeni viatu vinavyoshika ardhi, si ndala wala viatu vya harusi. Chukueni maji, na koti la mvua hata kama kule chini jua linawaka. Msiende masika, njia zinateleza. Na atakayewaambia hakuna cha kuona kwa kuwa hakuna simba, mwulizeni kama amewahi kusimama chini ya Sanje.

Gharama nazo si za kutisha kama wengi wanavyodhani. Katika hifadhi hizi raia hulipa kwa shilingi, tena sehemu ndogo tu ya kile anachotozwa mgeni kutoka ng'ambo. Ulizeni kwanza ofisi za Shirika la Hifadhi za Taifa, TANAPA, mjue viwango vya mwaka huo na namna ya kulipa, na kila mtu mzima abebe kitambulisho chake. Tangu mwaka 2024 ipo pia treni ya umeme kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro. Kutoka hapo mnaweza kuunganisha kwa gari. Kinachokula fedha za watu wengi ni kukodi gari la watu kumi na kulijaza watu watatu. Jikusanyeni.

Lakini, ndugu msikilizaji, kuna jambo kubwa zaidi ya nauli na viatu. Sisi watu wa mjini tuna tabia ya kudhani kwamba hifadhi ni mambo ya wazungu na ya serikali. Kumbe mkono wetu umo humo kila siku. Pale Mikumi, wanyama hugongwa na magari barabarani. Mabango ya faini yapo, matuta yapo, lakini anayemwambia dereva akanyage mafuta tuwahi kufika ni mimi na wewe abiria. Mtu aliyekwisha kuingia ndani ya Mikumi na kumtazama twiga kwa utulivu, hata siku moja hatamshangilia dereva anayekimbia usiku katika kilomita zile 50.

Upande wa Udzungwa, deni letu ni la maji na umeme. Mito inayoteremka katika milima ile inanywesha mashamba ya bonde la Kilombero, na mto Kilombero unaingia Rufiji, lilipojengwa bwawa la umeme la Julius Nyerere. Kusini zaidi katika milima hiyo hiyo upo mtambo wa Kihansi wa megawati 180. Maji ya Kihansi yalipoelekezwa kwenye mitambo, chura mdogo aliyekuwa akiishi kwenye manyunyu ya maporomoko yale, chura azaaye watoto badala ya kutaga mayai, alitoweka. Mwaka 2009 ikatangazwa kwamba hayupo tena porini. Akaponea kwenye bustani za wanyama za Marekani alikokuwa amepelekwa, na mwaka 2012 wakaanza kurudishwa nyumbani. Wapo waliocheka kwamba nchi maskini inahangaika na chura. Lakini taa zilizowaka wakati wa kucheka ziliwashwa na maji yake.

Na wapo wanaolipa zaidi yetu. Wanawake wa vijiji vya chini ya Udzungwa walikuwa wakiruhusiwa kuingia hifadhini siku maalumu kuokota kuni zilizokauka. Tangu mwaka 2011 ruhusa hiyo haipo. Ukitaka msitu usimame, pengine sababu ilikuwapo. Lakini mama wa Mang'ula bado anapika kila siku, na tembo wakishuka usiku shamba wanalokula ni lake. Tunapokwenda huko basi, tusibebe kila kitu kutoka Kariakoo hadi chumvi. Tulale kwao, tule kwao, tununue ndizi na mchele wao, tumlipe kijana wao atuongoze. Mwenyeji akipata riziki kutokana na msitu uliosimama, atakuwa na sababu ya kuulinda, na wala hatahitaji semina.

Kwa hiyo nawaomba wenye vikao vya safari wavimalize wiki hii. Wenye watoto na wazee, Mikumi. Wenye miguu, Udzungwa. Na wenye nafasi ya siku tatu, shikeni zote mbili kwa safari moja, mkianza na Mikumi ili mtu azoee kutazama, kisha Udzungwa ili ajifunze kusikiliza. Lililo baya ni kukaa tukibishana hadi fedha zikaisha, halafu tukaja kuhadithiwa habari za nchi yetu na mtu aliyepanda ndege saa kumi kuja kuiona.

Kwa leo tuishie hapo. Panapo majaliwa, tukutane tena wiki ijayo.