Motokaa Yako Ikigongwa na Mwingine

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama, Dar es Salaam)



Mimi si mwanasheria wala wakala wa bima. Ni karani kama ninyi, na umri wangu wa kazi umepita katika masijala. Haya nitakayosema niliyanunua kwa fedha yangu, tena kwa bei kali. Nataka ninyi myapate bure.

Mwaka 2019 nilikuwa katika Barabara ya Morogoro, karibu na Magomeni, nimesimama kwa kuwa taa ni nyekundu. Motokaa ya nyuma yangu haikusimama. Ilinigonga, bampa ikapinda, taa mbili za nyuma zikavunjika, na buti likakataa kufungika. Dereva alishuka, naye alikuwa mtu wa adabu sana. Alinipa pole, akaniita kaka, akakiri kwamba kosa ni lake. Kisha akasema, "Kaka, tusimwite askari, tutapoteza siku nzima. Peleka gari kwa fundi, nami nitalipa mwisho wa mwezi." Niliona haya kumkatalia mtu aliyekwisha kuomba radhi. Nikaandika namba yake ya simu na namba ya motokaa yake, tukapeana mikono, tukaachana.

Mwisho wa mwezi ulifika, simu haikupokelewa. Mwezi wa pili aliipokea, akasema kwamba mimi ndiye niliyerudi nyuma nikamgonga. Nikaenda kwa kampuni iliyomkatia bima. Karani wa pale, ambaye simlaumu hata kidogo, aliniuliza maneno matatu: taarifa ya polisi iko wapi? Picha ziko wapi? Shahidi ni nani? Sikuwa na jibu hata moja. Nalilipa gharama zote mwenyewe, na ada ya mtoto wangu ikachelewa muhula ule.

Ndugu zangu, hapo ndipo nilipojiona mjinga. Mtu akiniletea ofisini dai la shilingi elfu kumi bila hati, humrudisha akailete. Walakini mimi mwenyewe nilitaka kulipwa mamia ya maelfu kwa neno la mdomo. Haki nilikuwa nayo. Hati sikuwa nayo.

Basi shauri langu ni hili: siku ya ajali, fungua jalada, kama ufanyavyo kazini.

Kwanza, tazama watu kabla ya vyuma. Aliyeumia apelekwe hospitali, na fomu ya polisi namba 3 ipatikane, maana bila hiyo majeraha yake hayatakuwa na mahali pa kusimama.

Pili, mwite askari wa usalama barabarani, hata kama mwenzako amekiri. Kukiri kwa barabarani huyeyuka kama umande jua likipanda. Piga picha kabla motokaa hazijasogezwa: namba zake, alama za breki, na taa. Andika jina la dereva na la mwenye motokaa, kwa kuwa mara nyingi si mtu mmoja. Omba jina na simu ya shahidi ambaye si jamaa yako.

Tatu, ipe habari kampuni yako ya bima upesi, kwa maandishi, na ubaki na nakala. Wengi hudhani kwamba asiye na kosa hana haja ya kusema. Sivyo. Mapatano ya bima hukutaka utoe habari ya kila ajali, na yule mwingine huenda akawahi kukushtaki wewe.

Nne, ijue bima yako. Mwenye bima kubwa aweza kutengenezewa motokaa na kampuni yake, nayo ikageuka kumdai mkosaji na kampuni yake. Hapo uliza kama ile sehemu ya gharama unayobeba mwenyewe itarudishwa. Mwenye bima ndogo hana mlango huo. Dai lake huenda kwa mkosaji na kampuni iliyomkatia bima. Tena fahamuni kwamba shabaha kubwa ya sheria yetu ya bima ya motokaa, Sura ya 169, ni mauti na majeraha ya watu. Habari ya mali iliyoharibika yapasa kuchunguzwe katika hati ya bima yenyewe.

Tano, usiitengeneze motokaa kabla mkaguzi wa bima hajaiona. Weka risiti zote, hata ya winchi.

Sita, usiharakie kutia sahihi. Kijana mmoja wa ofisi yetu aligongwa na lori mwaka 2022. Siku ile alijiona mzima. Siku ya tatu shingo ikakaza asiweze kugeuka. Aliletewa karatasi ya kupokea fedha za bampa, na chini yake imeandikwa kwamba hana dai jingine lolote. Kwa kuwa ni karani, aliisoma mpaka mwisho. Akaiweka, akangoja neno la daktari, na hatimaye akalipwa vyote viwili. Angalitia sahihi, shingo ingalikuwa mzigo wake peke yake.

Na kampuni ikinyamaza au ikikataa bila sababu? Andika barua, taja tarehe, omba jibu la maandishi. Ukishindwa, yuko Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, aliyewekwa na Sheria ya Bima ya mwaka 2009, na iko Mamlaka ya Usimamizi wa Bima. Mahakama nayo ipo, ila dai la madhara ya namna hii lina ukomo wa miaka 3. Asiyefungua shauri ndani ya muda huo hupoteza haki yake akiwa ameishika mkononi.

Najua mtasema kwamba kumwita askari ni ukali, na kwamba waungwana humaliza mambo wao kwa wao. Nami nalisema hivyo Magomeni. Lakini fikirini: yule bwana alikuwa amekwisha kuilipia bima yake kwa ajili ya siku kama ile. Kama tungaliandikisha ajali, kampuni ingalilipa, naye asingalazimika kunikimbia wala kusema uongo. Hati ingaliniokoa mimi na hasara, nayo ingalimwokoa yeye na aibu. Kuandika, basi, si uadui.

Mabwana na Mabibi, sisi ndio tunaotunza kumbukumbu za watu wengine mchana kutwa. Tusiache za kwetu zipeperuke barabarani.