Kuvu Ukutani, Kifua cha Mtoto

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama wa Timbwani, Likoni)



Leo hatukuja kusema habari za mshahara peke yake. Twataka kusema habari za ukuta. Masika yakifika, hapa Timbwani sote twayajua mambo haya: nguo za sandukuni zanuka, godoro lina madoa, na pembe ya chumba imekuwa nyeusi. Hiyo ndiyo kuvu. Usiku mtoto akohoa, kifua chalia kama filimbi, mama hapati usingizi. Alfajiri baba avuka feri kwenda kazini, macho mekundu.

Wako wasemao kuvu ni uchafu wa mama. Twakataa. Kuvu huota panapo maji. Bati limetoboka, jiwe la ukuta lanyonya maji ya chini, dirisha ni tundu tu, na watu wengi wapika na kulala chumba kimoja. Mama afuta leo, kesho imerudi, kwa sababu maji hayakuzuiwa.

Kuvu hutoa chembe ndogo zisizoonekana, nasi twazivuta puani. Njia za pumzi za mtoto ni nyembamba, kwa hiyo yeye huumia kwanza. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilieleza kuwa wakaao katika nyumba zenye unyevu na kuvu huzidi kupata kikohozi, pumu na maradhi ya kifua.

Si Pwani tu. Katika mji wa Rochdale, Uingereza, mtoto Awaab Ishak, ambaye wazazi wake walitoka Sudani, alikufa Desemba 2020, umri wake miaka 2. Wazazi walilalamika mara nyingi juu ya kuvu, wakaambiwa wapake rangi. Mwaka 2022 uchunguzi wa kifo ulisema wazi kuwa kuvu ndiyo iliyomwua. Mwaka 2023 Bunge likatunga sheria ya kuwalazimisha wenye nyumba za namna ile kutengeneza kwa muda uliowekwa.

Basi tufanye nini?

Kwanza, nyumbani: tuondoe kitanda ukutani, tufungue madirisha, tuanike nguo nje. Kuvu isuguliwe kwa maji na sabuni, watoto wakiwa nje, kisha pakaushwe. Kupaka rangi juu yake ni kuificha tu.

Pili, mtoto akipumua mbio, au mbavu zikiingia ndani apumuapo, apelekwe hospitali siku ile ile. Kikohozi kikipita wiki 2, apimwe kifua kikuu. Tusiseme ni kuvu tu.

Tatu, tusiende kwa mwenye nyumba mmoja mmoja. Wapangaji wa nyumba moja waandike barua moja, watie tarehe, wabaki na nakala.

Nne, ndilo letu la chama. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, yatupa haki ya nyumba ya kufaa. Sheria ya Kazi ya 2007, kifungu cha 31, yamtaka mwajiri atoe nyumba ya kufaa au alipe kodi ya kutosha juu ya mshahara, isipokuwa kodi imekwisha tiwa ndani yake. Kila mtu atazame karatasi yake ya mshahara, ailete tuisome pamoja.

Wazee wetu walipogoma Mombasa Januari 1947, taabu ya nyumba ilikuwa katika malalamiko yao. Kazi ile haijaisha. Ukuta ukilia maji, na sisi tuseme.