Mlima ukitobolewa, nani anapita?

Maneno yaliyosemwa mbele ya wafanyakazi wa migodi na wenyeji wa mji



Pale mlangoni watu wengine waliniuliza: juu ya nini chama kinatuita kusikiliza habari ya tuneli? Katanga yetu haina mlima mkubwa wa kufunga njia. Mtu anatoka Lubumbashi kwa kamioni, anafika Likasi, anafika Kolwezi, na kitu kinachomsumbua ni vumbi na mashimo ya barabara. Ni kweli. Hapa kwetu tunatoboa udongo kwenda chini, kufuata shaba. Hatutoboi mlima kwa kupita upande wa pili. Lakini Kongo si Katanga peke yake. Tena, katika Kongo nzima, watu wanaojua zaidi kazi ya kukaa chini ya jiwe ndio ninyi mlioketi hapa.

Wazee wanalijua jina la Bula Matari, mpasua mawe. Stanley alilipata mwaka 1879 hivi, kule Vivi karibu na Matadi, wakati wa kupasua mawe juu ya kupitisha njia. Baadaye jina likaangukia Serikali yote ya wakoloni: mwenye kodi alikuwa Bula Matari, mwenye fimbo alikuwa Bula Matari. Labda Stanley mwenyewe alishika nyundo siku moja kwa kuwaonyesha watu. Lakini siku nyingine zote nyundo ilishikwa na nani? Mmoja alichukua jina, na wengine walichukua malengelenge ya mikono. Nitakayosema leo yanatoka katika jambo hilo.

Tuneli, ambayo wandugu wa Tanzania wanaiita handaki, ni njia inayopita ndani ya mlima na kutokea ng'ambo. Inapitisha gari la moshi, au motokari, au maji ya kuzungusha masini za umeme. Kwa nini watu wanajitesa kuichimba, na mlima unaweza kupandwa? Ninyi mnajua tani, basi nitasema kwa tani. Katika njia ya sawasawa, kuvuta tani moja juu ya reli kunaomba nguvu ya kilo 4 hivi tu. Lakini njia ikipanda metre 1 kwa kila metre 100, mlima unairudisha nyuma kila tani kwa kilo 10 zaidi. Ikipanda metre 2, ni kilo 20. Basi lokomotivu iliyovuta wagoni 60 kwenye uwanda, pale mlimani itavuta 10 hivi. Wagoni 50 zinabaki stesheni, na bei ya chumvi na unga inapanda pamoja na njia. Tuneli inafuta kupanda kule. Inalipwa mara moja, na faida yake inarudi kila siku.

Kazi yenyewe hamtaishangaa. Watu wanatoboa matundu katika jiwe, wanatia baruti, wanalipua, wanangoja moshi wa baruti utolewe kwa masini ya hewa, wanagonga dari kuangusha mawe yaliyolegea, wanatoa kifusi, wanaweka nguzo au vyuma na betoni, halafu wanaanza tena. Tofauti moja ni kwamba mara nyingi vikundi viwili vinaanza pande mbili za mlima, na lazima vikutane katikati. Hapo kipimo ndicho bwana wa kazi. Kule Uswisi, katika mlima Gotthard, walichimba kilometa 15 toka pande mbili, na mwaka 1880 walipokutana walikuwa wamekosana kwa sentimetre 33 tu upande wa kulia na kushoto. Tena njia inapewa mwinamo mdogo, maji yatoke yenyewe pasipo pompi. Yule aliyetumika chini anajua maji yanataka nini.

Sasa tuangalie ng'ambo ya mto wetu, Kongo ya Brazzaville. Wafaransa hawakupenda kulipa reli ya Wabeleji ya Matadi kila walipotaka kufikisha mali baharini. Wakajenga reli yao, toka Pointe-Noire mpaka Brazzaville, kilometa 500 na zaidi, kuanzia 1921 mpaka 1934. Karibu na bahari iko milima ya Mayombe, msitu mzito, mvua nyingi. Pale walitoboa mlima Bamba, tuneli ya metre 1,690. Kazi ile ilikuwa ya kampani ya Ulaya, na watu walikamatwa kwa nguvu, wengine mbali sana, Ubangi-Shari na Chad, wakatembezwa na kusukumwa katika mashua mpaka inchi wasiyoijua chakula chake wala baridi yake. Hesabu ya Serikali yenyewe ilikubali wafu 17,000 hivi katika reli nzima. Kule Ubangi watu waliasi tangu 1928, vita walivyoita Kongo-Wara, yaani mpini wa jembe, na kukamatwa kwa watu juu ya reli ile kulikuwa sababu moja ya hasira yao.

Tuneli ya Bamba ilikuwa kazi nzuri ya mainjenieri. Sitasema ilikuwa mbaya, kwa maana jiwe halina kosa. Lakini mtu wa Chad aliyeokoka pale alirudi kwao na nini? Hakufundishwa kupima, hakufundishwa kusoma plani. Alirudi na kikohozi, kama alirudi.

Ya pili ni reli ya TAZARA, na hiyo iligusa hata shaba yetu. Tarehe 11 Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia ya Kusini walijitangazia utawala wao wenyewe, na Zambia ikabanwa, kwa sababu shaba yake ilishuka baharini kwa kupita kwao. Zambia na Tanzania wakatafuta reli ya kwenda Dar es Salaam. Benki ya Dunia na wakubwa wa Magharibi wakasema haina faida. China ikakubali mwaka 1967, ikatoa deni lisilo na riba. Kazi ilianza 1970, na mwaka 1975 reli ilikwisha: kilometa 1,860, madaraja zaidi ya 300, tuneli 22.

Mahali pagumu palikuwa kati ya Mlimba na Makambako, njia inapotoka bonde la Kilombero kupanda juu. Pale jiwe bovu linafuatana na matope, na sehemu kubwa ya tuneli zile ziko pale. Watu zaidi ya 160 walikufa katika reli nzima, na katika hao Wachina walizidi 60. Nawataja kwa sababu kule Bamba hakuna aliyeweza kusema kwamba wakubwa na wadogo walikufa katika kifusi kimoja. Tena vijana 200 hivi wa Tanzania na Zambia walipelekwa China kusoma kazi ya reli. Na vita ya Angola ilipofunga njia ya Benguela mwaka 1975, sehemu ya shaba ya Katanga nayo ilipata kupita kule Dar es Salaam.

Lakini msifikiri ninaleta hadithi ya malaika. Reli ile ilipangiwa kubeba tani milioni 2 kwa mwaka. Katika mwaka wa 2014 na 2015 haikufikisha hata tani 100,000. Tuneli zilikuwa zimesimama, na milima ilikuwa wazi, lakini lokomotivu zilikuwa zimekufa, vipande vya kutengeneza havikuwapo, na mishahara ilichelewa. Tundu la mlima halivuti wagoni. Hilo wengi wanaopenda kukata utepe siku ya sikukuu hawalipendi kusikia.

Yako makosa ya namna nyingine, ya haraka. Ethiopia walitaka kupeleka maji ya mto Gilgel Gibe kwa tuneli ya kilometa 26 ndani ya mlima, yateremke kuzungusha masini upande wa mto Omo. Waliichimba kwa masini kubwa, ile inayokula jiwe pasipo baruti. Mwaka 2006 masini ilikutana na udongo laini ambao hakuna aliyeungojea, ikasukumwa na matope, na kazi ikachelewa karibu miaka miwili. Sikukuu ya kufungua ilifanywa Januari 2010. Mwezi ule haujaisha, sehemu ya tuneli ikaanguka, na matengenezo yakachukua karibu mwaka mzima. Uliza mchimbaji yeyote wa Kipushi: mbele ya kuingia, unasikiliza jiwe kwanza. Kutoboa matundu madogo ya kujua jiwe ni feza kidogo, ukilinganisha na masini iliyofukiwa. Na sisi wa Katanga tunajua maana ya jiwe kuanguka. Septemba 1990, mgodi wa Kamoto uliporomoka sehemu kubwa, na kazi za shaba ya inchi nzima zikayumba.

Tena vumbi. Hapa naomba wamama wasikilize zaidi, maana ndio wanaouguza. Marekani, katika jimbo la West Virginia, mwaka 1930 walianza kutoboa tuneli ya maji pale Hawks Nest. Jiwe lilikuwa na silika nyingi, ile inayong'aa kama kioo kilichosagwa. Wafanyakazi wengi walikuwa watu weusi waliotoka kusini kutafuta mkate wakati wa njaa. Walitoboa kavu, pasipo maji, kwa kupata mbio. Vumbi lilikuwa jingi hata mtu hakumwona mwenzake, na watu walianza kufa kabla mwaka haujatimia. Hesabu zinatofautiana, lakini zinaanza kwa mamia. Na dawa ilijulikana: kupitisha maji katika masini ya kutoboa, na kupuliza hewa. Maji, wandugu! Yaliyokosekana pale ni maji na dakika chache. Kapita akikuambia utoboe kavu kwa sababu posti imechelewa, anakuomba mapafu yako kwa deni, na deni hilo halirudishwi.

Basi turudi kwetu. Mwaka 2008 Serikali ya Kinshasa ilipatana na makampani ya China: madini ya upande wa Kolwezi yalipe barabara na majengo ya inchi. Mwaka 2024 mapatano yale yalitengenezwa upya, na sehemu ya barabara na majengo ikapandishwa mpaka dola miliari 7, kufuatana na bei ya shaba. Sikilizeni vizuri: feza ile ni shaba. Shaba ile inatoka katika udongo mnaoutumikia. Kwa hiyo mfanyakazi wa Kolwezi akiuliza barabara gani, wapi, kwa kipimo gani, haombi zawadi. Anauliza habari za mali yake.

Mimi ningeuliza habari ya Ngomo. Wasafiri wa Kivu wanaijua: njia ya Bukavu kwenda Uvira inapita katika ukingo wa mlima, jiwe mkono mmoja, shimo mkono mwingine, na magari yameangukia mle pamoja na watu. Kwa miaka mingi wasafiri wengi waliona afadhali kuzunguka upande wa Rwanda, yaani kutoka Kongo kwenda Kongo kwa kupita inchi ya jirani na kuonyesha karatasi. Je, Ngomo itobolewe? Sijui kusema, na anayesema anajua kabla ya kupima jiwe anadanganya. Labda tuneli, labda kupanua njia na kujenga kuta kunatosha. Tuneli ni kitu cha bei kubwa, na inchi maskini isiichimbe kwa kujionyesha. Mtu ataniambia: Kivu kuna vita, na wewe unaongea habari ya mawe. Namjibu kwamba vita haikatazi kupima plani, wala kufundisha mtoto hesabu.

Na hapo ndipo nataka chama kishike. Mapatano yoyote ya kupasua mlima katika Kongo yaandike ndani yake kwamba Wakongo watakuwa katika kazi ya kupima, katika kazi ya plani, na katika kazi ya kutengeneza masini, siyo kusukuma kifusi tu. Yaandike maji katika kila masini ya kutoboa, na daktari wa kupima mapafu kabla na baada. Na siku wageni watakapokwenda, vitabu vya tuneli vibaki hapa, maana tuneli inatunzwa miaka mia, na asiye na plani yake ataitunza kwa kubahatisha.

Watatujibu kwamba watu wenye ujuzi hawako Kongo. Mgodi wa Kipushi uliteremka kupita kilometa moja chini ya udongo. Ulifungwa mwaka 1993, na kazi ilipoanza tena mwaka 2024, wengi waliojua jiwe lile walikuwa wamezeeka au wamekufa, na hakuna aliyekuwa ameandika majina yao.

Basi, toka kesho jioni karani wa tawi atakaa na daftari mezani. Waliotumika kutoboa, kulipua, kuweka nguzo, kuendesha pompi, kupima njia, waje waandike jina, mahali walipotumika, na miaka mingapi. Wazee wa Kipushi waje nao, hata anayetembea na fimbo. Asiyejua kuandika ataandikiwa. Mwenye cheti akilete, na mwenye mikono tu aje na mikono. Tunataka kuwa na hesabu hiyo mkononi kabla ya mapatano mengine kutiwa sahihi.