Somo la Redio: Kupima Si Kutega

Ninyi mlioko Shinyanga, Kahama na Geita, sogeeni karibu na redio, kwani somo la leo latokana na kazi zenu wenyewe.

Agano Jipya liliandikwa kwa Kiyunani. Humo mna kitendo kiitwacho dokimazo, maana yake kupima kitu ili ubora wake ujulikane. Wayunani walikitumia kwa madini na sarafu. Katika Biblia ya mwaka 1952 kitendo hiki mara nyingi kimefasiriwa "kujaribu". Lakini neno hilohilo "kujaribu" limefasiri pia kitendo kingine, peirazo, kilichotumika pale Ibilisi alipomjia Yesu jangwani. Ndiyo maana wasomaji wengi huchanganya mambo mawili.

Tazameni tofauti yake. Katika Injili ya Luka, sura ya 14, mtu mmoja anaomba udhuru asiende karamuni, kwa kuwa amenunua jozi tano za ng'ombe, naye anakwenda kuwapima. Hapo ni dokimazo. Msukuma aliyenunua maksai mnadani anamwelewa mara moja: huwafunga nira, akawatembeza na plau, aone kama watalima. Hawategi waanguke, anataka wafae.

Petro naye, katika waraka wake wa kwanza, anataja dhahabu ipimwayo kwa moto. Wachimbaji wa Geita wanajua kwamba si kila kinachometa ni dhahabu. Kuna jiwe la manjano ambalo likitiwa motoni hutoa moshi na harufu kali, likaharibika. Dhahabu huyeyuka penye joto la sentigredi 1,064, na ikipoa ni dhahabu ileile. Moto haukuifanya kuwa dhahabu, umeidhihirisha tu.

Basi, dokimazo ni kupima kwa haki. Katika Agano Jipya lote Shetani hatajwi hata mara moja kuwa mtenda wa kitendo hiki.

Sasa sikilizeni vema. Paulo aliwaandikia Wathesalonike wasidharau unabii, kisha papo hapo akawaagiza wapime yote na kushika lililo jema. Hata neno lililosemwa kwa jina la Mungu lilipaswa kupimwa. Je, neno la mpiga ramli lipokewe bila kupimwa?

Katika nchi ya Usukuma vikongwe wengi wameuawa kwa kuitwa wachawi, kisa macho mekundu. Mama aliyepika miaka mingi kwa kuni na samadi ya ng'ombe, macho yake huwa mekundu kwa moshi. Hiyo ndiyo sababu, nayo iko jikoni, kila mtu aweza kuiona. Januari 2015 Serikali ilipiga marufuku waganga wapiga ramli, baada ya mauaji ya watu wenye ualbino. Lakini amri ya Serikali haitoshi, ikiwa nyumbani hatupimi tunayoambiwa. Mtu hupima punje ya dhahabu kwenye mizani ndogo kabla ya kutoa fedha yake. Iweje uhai wa bibi yake auamue kwa uvumi?

Kabla ya somo lijalo, ulizaneni darasani: ni neno gani tulilolisikia juma hili tukaliamini bila kulipima? Nani angeumia kama si kweli?