Haki ya Mgonjwa Asiyetarajiwa Kupona

Sifa njema zote zamstahiki Mwenyezi Mungu, aliyeteremsha maradhi na dawa zake, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na sahaba zake. Ama baad.

Ndugu Waislamu, kabla ya kuwanasihi wengine yatupasa tuungame kosa letu wenyewe. Miaka kadhaa iliyopita tulipanda kijiji kimoja juu ya Kinole, katika milima hii ya Uluguru, kumzuru mzee aliyekuwa na saratani. Ilikwisha julikana kwamba haponi. Tulimkuta amelalia ubavu mmoja, ameuma meno, jasho lamtoka. Tukamsomea, tukamhimiza asubiri, tukaomba dua, tukainuka. Binti yake akatusindikiza hadi penye migomba, akasema: "Shehe, baba anasubiri tangu Mfungo Mosi. Usiku nani atanisaidia kumgeuza?" Hatukuwa na jibu. Wiki mbili baadaye tulirudi kuzika, na watu walijaa mteremko mzima, wakilipokezana jeneza kwa zamu.

Hapo ndipo tulipoona haya. Watu wote wale walikuwa wapi siku alipokuwa hai? Jeneza tunalo msikitini, limetunzwa. Machela ya kumteremshia mgonjwa barabarani wakati wa masika twaiunda kwa miti na kanga saa ile ile ya dhiki. Kuzika ni faradhi kifaya, hatulipunguzi hilo. Lakini Mtume (s.a.w.) ametaja kumzuru mgonjwa na kulifuata jeneza pamoja, katika haki za Mwislamu juu ya mwenziwe. Haki moja tumeishika barabara, na nyingine tumeifanya ya dakika kumi.

Madaktari wanayo huduma waiitayo tiba shufaa. Wasikilizaji wasidhani kuwa ni shifaa, yaani kupona. Ni shufaa, neno ambalo katika Kiarabu asili yake ni kukiunga kitu kilicho kimoja na cha pili, kisibaki peke yake. Twaliona jina hili limepatikana vizuri, hata kama aliyelitia hakukusudia hivyo. Ni kumtuliza maumivu mtu ambaye ugonjwa wake hauondoki, na kuwashika mkono wanaomuuguza. Jirani zetu wa Uganda walianza mwaka 1993, Dakta Anne Merriman alipoanzisha Hospice Africa Uganda mjini Kampala. Na mwaka 2004 sheria yao ikawaruhusu wauguzi waliofunzwa kazi hiyo kuandika dawa ya mofini, kwani vijijini daktari ni adimu. Kwetu Tanzania huduma hii inajulikana katika Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, na katika hospitali nyingine. Watu wa Morogoro na waulize hospitalini kwao, wala wasirudi nyumbani na neno "haponi" peke yake.

Katika hiyo mofini ndipo wengi hukwama. Ni dawa inayoweza kunywewa, aghalabu kila baada ya saa nne, kabla maumivu hayajarudi, si baada ya mgonjwa kulia. Hufunga choo, kwa hiyo huambatana na dawa ya kulainisha. Je, si kileo? Mafakihi wa madhehebu yetu ya Shafii walikwisha zungumza zamani juu ya kumpoteza fahamu mtu anayekatwa kiungo kilichooza, wakaruhusu kwa haja. Dawa iliyopimwa na mjuzi kwa ajili ya maumivu haiwi sawa na ulevi wa kilabuni. Wala kuitumia kwa kipimo chake si kuharakisha mauti. Na anayesema kwamba subira ni kukataa dawa, na amkumbuke Nabii Ayyub (a.s.). Yeye aliye mfano wa wenye kusubiri alimlalamikia Mola wake madhara yaliyompata, akaonyeshwa maji ya kuoga na kunywa.

Kazi iliyobaki ni yetu, na haihitaji elimu kubwa. Mgonjwa asiyejiweza hugeuzwa takriban kila saa mbili, asipate vidonda vya kulala. Midomo yake huloweshwa. Husaidiwa kutayamamu na kusali akiwa amelala, hata kwa ishara. Kuna kuni, maji, na nauli ya kuteremka mjini kufuata dawa; na mgonjwa akiwa maskini, fungu la zaka lamhusu. Nasi tuseme wazi: mizigo hii twawatwika wanawake, tena aghalabu mwanamke mmoja. Mwanamume aliyeweza kumwosha maiti wa kiume hashindwi kumwosha na kumgeuza angali hai.

Basi leo baada ya sala, kila msikiti uandike majina ya wagonjwa wa mtaa wake waliolala muda mrefu, kwa idhini ya jamaa zao, na mbele ya kila jina pawe na watu wa zamu: nani atakesha naye usiku wa leo, nani wa kesho, ili yule anayeuguza apate kulala. Kalamu na karatasi ziwe kwa imamu kabla watu hawajatawanyika.

Wabillahi tawfiq.